Baba wa Kukaimu

Tunduru,
12 Februari 1995

Binti yangu Tabitha,

Marahaba. Najua hujaniamkia, umenuna, lakini mimi sina kinyongo, naipokea kabisa kabla haijatoka. Mimi baba yako ni mzima. Malaria ilinijia wiki iliyopita, ikasikia jina langu, ikaomba radhi ikahamia kwa jirani. Huko Levolosi mnaendeleaje? Magoti ya Bibi? Na Mlima Meru, umevua kofia au bado umejifunika kama mwanamke mwenye deni?

Hapa Tunduru, mwanangu, dunia nzima imehamia. Wathai wapo, Wasrilanka wapo, Wasenegali wapo na makanzu yao, na wote wanauliza: "Mista Eli yuko wapi?" Hakuna jiwe linalotoka Mto Muhuwesi bila kupita mbele ya jicho langu. Wenye digrii wanakuja na darubini. Mimi nalitemea mate, naligeuza juani mara moja, nakwambia ni safaya au ni chupa ya bia. Na shule niliishia la sita, la saba lilinikimbia lenyewe.

Sasa, nimepata barua ya Bibi yako, ile aliyoandikiwa na mwinjilisti. Anasema ulimnyang'anya mwalimu wa nidhamu fimbo ukamchapa nayo mbele ya shule nzima. Nilicheka, Wathai wakadhani nimepata jiwe. Halafu nikakumbuka mimi ni mzazi, nikanuna. Tabitha! Mwalimu hachapwi! Na anasema unaruka ukuta kwenda kwenye mabanda ya video, na unaonekana mtaa wa Unga Limited unakunywa mbege na vijana. Umesimamishwa shule kidato cha pili, mwanangu, wakati mimi nakutangaza huku kwamba utakuwa wakili.

Niambie kitu kimoja. Tangu mama yako, Mungu amrehemu, atutoke, umewahi kulala njaa? Nilituma redio kaseti. Nilituma raba ambazo hata mtoto wa mkuu wa mkoa hana. Unataka nini? Sema, nitume.

Pasaka nitakuja, nitaweka kila kitu sawa.

Ni mimi baba yako,
Elirehema, Sultani wa Muhuwesi


Levolosi, Arusha,
5 Machi 1995

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, wa tabia waulize walimu. Bibi magoti yanamsumbua kwenye ngazi za kanisani tu. Akisikia niko Unga Limited yanapona, anakimbia kama afande. Mlima umevua kofia leo asubuhi, lakini umeshajifunika tena. Hapa hata mlima hauna msimamo.

Redio kaseti niliiuza. Raba nilimpa binti mmoja wa darasani aliyekuwa anacheka viatu vyangu vya zamani, nikampiga kwanza ndipo nikampa.

Umeuliza nataka nini. Subiri nikueleze, usicheke.

Mkuu wa shule amesema atanirudisha kwa sharti moja: nyumba yetu ikae na Mama Simaloi. Ni mama wa usharika, Mwarusha wa huku Ilkiding'a, amesomea ng'ambo mambo ya nyumba zenye watoto kama mimi. Siku ya kwanza nilidhani kaja kunikemea pepo. Bibi pia alidhani hivyo, alikuwa ameshafunga milango nisitoroke. Mama Simaloi akavua kandambili, akakaa, akasema, "Sikuja kwa ajili ya Tabitha. Nimekuja kwa ajili ya nyumba. Mtoto akikohoa ndani ya nyumba yenye moshi, siyo yeye tu wa kupewa dawa."

Bibi akaruka: "Moshi gani? Mimi napikia mkaa!"

Anatukalisha duara, anauliza maswali ya ajabu. Haulizi kwa nini nilimchapa mwalimu. Anamuuliza Bibi: "Tabitha akichelewa, wewe unafanya nini?" Bibi anasema, napiga kelele. "Na yeye akisikia kelele anafanya nini?" Nasema, natoka tena. "Na akitoka tena?" Bibi anasema, nafunga mlango. "Na akikuta mlango umefungwa?" Nasema, naenda Unga Limited. Tukatazamana mimi na Bibi kama wezi waliokutana kwenye dirisha moja.

Halafu akauliza, "Na baba yupo wapi?"

Tukajibu wote wawili kwa mpigo: "Anakuja."

Yeye hakucheka. Akasema baba lazima akae, Jumamosi moja kila wiki mbili, mpaka karibu na Krismasi. Siyo kuhukumiwa. Kukaa tu. Bila baba kazi hii haiendi na shule hawanipokei.

Basi jibu langu ndilo hilo. Sitaki raba. Nataka ukae. Hata ukikaa kimya, ingawa huo utakuwa muujiza na itabidi aitwe askofu.

Ni mimi mwanao,
Tabitha


Tunduru,
2 Aprili 1995

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, nimenenepa mashavu, njaa inanipitia mbali. Mpe Bibi pole ya kufukuzana nawe.

Barua yako nimewasomea watu hapa kambini. Ile ya moshi na mkaa imewavunja mbavu, mpishi wetu anairudia kila akiwasha moto. Mdomo huo umeutoa kwangu, usije ukasema umeutoa kwa Bibi.

Sasa sikiliza. Pasaka haiwezekani. Mvua imekata barabara ya Songea, malori yamezama mpaka kwenye taa. Na kuna aleks imetoka mtoni, jiwe la kijani mchana, jekundu kwenye taa ya chemli, nina hisa ndani yake, nikiligeuzia mgongo hata dakika nitakuta limeota miguu. Likiuzwa hilo, Tabitha, tunahama Levolosi, tunajenga Njiro.

Lakini baba yako hakosi akili. Mwambie huyo Mama Simaloi kwamba kwetu Machame baba hasafiri. Baba akiondoka, baba mdogo yupo. Nimeshamwandikia mdogo wangu Abdiel. Atakuwa anatoka Usa River kila Jumamosi hiyo, pale shamba la maua anakoendesha gari wampe ruhusa, dereva hawakosi mwingine. Atakaimu. Mkuu wa Wilaya akienda likizo, si kuna anayekaimu? Ofisi inafungwa? Abdiel ni mimi. Damu moja, pua moja, hata tukikohoa mbwa wa nyumbani hawatutofautishi. Ila mimi Mungu alinipa maneno, yeye akampa ukimya kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha.

Na ili huyo mama asiseme tumechezea kazi yake: ndani ya kikao usimwite Baba Mdogo. Mwite Baba. Ni amri. Nikirudi nitauliza.

Nimempa dereva wa lori saa ya mkononi akuletee. Inang'aa gizani.

Baba yako halisi,
Elirehema


Levolosi,
7 Mei 1995

Baba,

Shikamoo. Natumaini mashavu bado yapo. Sisi tu wazima. Saa imefika, inang'aa gizani kweli, ila mchana haitembei.

Mama Simaloi alipoambiwa habari ya kukaimu alimtazama Abdiel. "Wewe utakuja kweli?" Akasema, "Nitakuja." Maneno aliyosema siku hiyo ni hayo tu. Nilimwita Baba kama ulivyoamuru, kwa sauti ile ya kumuigiza mwanajeshi, na saluti nikapiga. Bibi alinifinya. Yeye akaitikia, "Naam," akakaa kwenye kigoda, na kofia yake ameishika magotini kama aliyekuja kuomba kazi.

Mama Simaloi ametupa kazi za kufanya nyumbani. Mimi kabla ya kutoka niseme naenda wapi na narudi saa ngapi. Bibi asipige kelele, na kila jioni kabla ya sala aseme jambo moja zuri juu yangu. Jioni ya kwanza alifikiri mpaka uji ukaganda. Akasema, "Ana meno mazuri." Nilicheka mpaka nikalia. Siku hizi anayapata mawili, matatu, mengine anatunga.

Sasa Baba, kuna jambo, nalisema kwa sababu Mama Simaloi anasema lisiposemwa litanitoka kwa ngumi. Unakumbuka siku ya kipaimara changu? Ulifika jioni, watu wameshakula, ukachukua kipaza sauti. Ukaniwekea mkono begani. Ukasema, "Mnaona huyu? Mungu alinipa jiwe zuri, lakini lina ufa. Angekuwa wa kiume ningemkabidhi biashara. Sasa nabaki kumtafutia mnunuzi." Watu wakacheka. Mchungaji alicheka. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe, nikasimama pale mpaka kicheko kikaisha, na kilichelewa kuisha. Jumatatu yake ndipo nilipopigana mara ya kwanza.

Nilimaliza kuyasema hayo kikaoni. Bibi anatazama chini. Abdiel akasema, "Mimi pia nilicheka."

Mama Simaloi akamuuliza kwa nini. Akasema, "Kaka alikuwa anacheka."

Jumamosi iliyofuata alikuja na jani la isale. Wewe ndiye uliyenifundisha, Baba: Mchaga akikukosea akakuletea isale, halikataliwi, na likishapokelewa kosa halitajwi tena. Akalishika kwa mikono miwili, yeye mtu mzima, mbele yangu mimi mtoto wa kike. Akasema, "Hili ni la kwangu. La kaka yangu ataleta mwenyewe."

Nililipokea. Siku hiyo nilimwita Baba bila saluti.

Mwanao,
Tabitha


Tunduru,
25 Juni 1995

Tabitha,

Salamu kwenu wote. Hali yangu ni nzuri, haijawahi kuwa mbaya, watu huku wanakuja kuitazama.

Hivi, mwanangu, tangu lini utani wa sherehe umekuwa kesi? Ule ulikuwa UTANI. Mimi ndiye niliyechangamsha ile shughuli, kabla sijafika watu walikuwa wanakula wali kama wamekuja kuzika. Wewe mwenyewe umesema Mchungaji alicheka. Mchungaji akicheka si ameshabariki? Mama Simaloi anachimba nini humo ndani, anatafuta madini? Amwulize mtu wa Tunduru: ukichimba kila mahali, nyumba inaanguka.

Na hilo jani. Jani hata mbuzi analo. Mimi nikija sileti jani, nakuja na pikapu, na nyuma ya pikapu kuna televisheni, na juu ya televisheni umekaa wewe. Aleks bado haijauzwa, Mthai anavuta, mimi navuta. Krismasi nipo, andika kwa wino.

Abdiel mwambie kazi nzuri. Lakini mwambie pia kwamba kukaimu siyo kupandishwa cheo. Huyo tangu utoto akishika kitu changu nilikuwa nakikuta kimeoshwa na kimewekwa sehemu nyingine.

Baba yako,
Elirehema


Levolosi,
8 Oktoba 1995

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nasoma. Ndiyo, rudia tena mstari huo. Nimerudi shule.

Kabla ya kunipokea ilinibidi nimwombe radhi mwalimu wa nidhamu pale pale nilipomchapia. Nilifikiri nitakufa. Baba alisimama nami gwaridani na nguo zake za kazi, zina petali za waridi zimegandia kwenye kola, wanafunzi wanamwonyesha kidole, yeye ametulia. Nikasema yangu. Kisha akaenda kwa mwalimu, akamwambia taratibu, hata mimi nilisikia kwa shida: "Na wewe, Mwalimu, usimpige tena kichwani." Basi. Hakuongeza. Mwalimu hajanigusa tangu siku hiyo.

Nasoma tena hapo juu naona nimeandika Baba. Namaanisha Abdiel. Sifuti, karatasi itachafuka.

Siku hizi anakuja hata Jumatano, na hakuna aliyemwambia. Anakaa jikoni anamenya ndizi na Bibi, hawasemi kitu. Nikichelewa ananisubiri kituoni, na nikifika haniulizi, anatembea tu pembeni yangu mpaka nimwambie mwenyewe.

Mama Simaloi anasema tumekaribia mwisho. Kikao cha kufunga ni Jumamosi ya tarehe 16 Desemba, saa tisa, hapa hapa. Anakutaka wewe. Amesema utakaa tu, kila mmoja atasema jambo moja, tutakunywa chai. Alishakisogeza mara mbili kwa ajili yako, hakisogezi tena, kuna nyumba nyingine zinamsubiri.

Njoo mikono mitupu, Baba. Usisubiri pikapu. Ukija na pikapu utaongea habari za pikapu.

Mama Simaloi aliniuliza, "Na asipokuja?" Nikamwambia, "Atakuja." Usinifanye muongo mbele ya mtu niliyeacha kumdanganya.

Mwanao,
Tabitha


Dar es Salaam,
9 Januari 1996

Binti yangu Tabitha,

Hujambo mama? Bibi hajambo? Krismasi ilikuwaje, mlichinja? Mimi nipo, nahema.

Usiichane barua hii mpaka mwisho. Nilikuwa nakuja. Tarehe 14 nilikuwa hapa Dar, na tiketi ya basi la Arusha ninayo mpaka leo, nimeiweka kwenye kofia. Lakini njiani nilipitia kwa mkata mawe, Mhindi mmoja wa Kisutu, nikasema aleks ikatwe, niuze asubuhi, nipande basi mchana nikiwa mtu kamili. Jiwe likapasuka kwenye mashine. Lilikuwa na ufa ndani. Jicho langu, Tabitha, ambalo Wathai wanaliogopa, halikuuona. Vipande vyake vinatosha kutengeneza vishikizo vya shati la mtoto.

Wewe uliniambia nije mikono mitupu. Mimi sijui kuja hivyo. Nilikaa kwenye benchi la stendi, konda anaita, "Mzee wa Arusha, tunaondoka!" nikawa natazama mikono yangu. Tangu nilipokuwa kijana sijawahi kuingia nyumbani pasipo watoto kukimbilia mfukoni kwangu. Nikaona ningekaa kwenye hilo duara la Mama Simaloi, nikaulizwa swali, niseme nini? Sina hata utani. Basi likaondoka. Nikajiambia nitapanda la kesho, na kesho yake hivyo hivyo.

Sasa jana nimechuma isale. Lipo ua la masale kwenye kanisa moja hapa mjini, nikakata jani, mlinzi akaniuliza, "Mzee mzima unaiba maua?" Nikamwambia, "Naiba msamaha, nipishe." Nimempa Ndesanjo, dereva wa basi, Mmachame mwenzetu, anajua namna ya kulibeba. Lipokee. Halikataliwi, nilikufundisha mwenyewe.

Wanasema Mahenge kuna rubi imetoka. Narudi kusini kidogo tu, nijishike, kisha nakuja. Safari hii kweli.

Baba yako,
Elirehema


Usa River,
17 Machi 1996

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia huko Mahenge, na kwamba homa inakuogopa kama zamani. Sisi hatujambo. Bibi magoti yamepata nafuu, huku hakuna ngazi.

Isale limefika. Ndesanjo alilileta amelivulia kofia, limekauka ncha kidogo. Nililipokea kwa mikono miwili, Bibi akiwa shahidi. Halikataliwi, na mimi sikulikataa. Lile la kipaimara limekwisha. Sitalitaja tena, na moyoni silitafuti.

Kikao kilifungwa siku ile ile. Tulikusubiri mpaka chai ikapoa, Bibi akaipasha, ikapoa tena. Abdiel alitoka nje mara nyingi kutazama barabarani. Mama Simaloi akasema haya tuanze, kila mmoja ataje watu wa nyumba yake, wale ambao akianguka anajua watamwinua. Bibi alitaja mpaka marehemu. Nilipofikiwa nilitaja wote, nikamaliza, Mama Simaloi akaniuliza kama wamekwisha, nikasema wamekwisha. Wala sikuwa na hasira, Baba Mkubwa, hilo ndilo nataka ujue. Ni Bibi tu, tulipokuwa tunaosha vikombe, akaniuliza, "Na mwanangu mkubwa je?" Ndipo nikaona sikukutaja. Bibi alilia. Mimi nilikausha vikombe.

Mwezi wa kwanza tulihamia hapa. Bibi amechoka na Levolosi, na ile nyumba tumewapangisha walimu wawili. Mama Naisula, mke wa Abdiel, amenipa kitanda karibu na dirisha. Asubuhi naenda shule na gari la maua, nafika darasani nanukia kama harusi. Wadogo zangu wa hapa nyumbani, Bariki na Blessing, wananifuata kila mahali. Mwanzoni nilikuwa nikiwasimulia habari zako, ya malaria kuomba radhi, ya mwizi wa maua, wanagaragara kwa kicheko. Nilikuwa nasema "Baba yangu wa Tunduru." Blessing akachoka siku moja, akaniuliza, "Huyo si ndiye Baba Mkubwa?"

Nikafikiri. Nikamwambia, "Ndiye."

Usiumie. Mimi sikubuni kitu. Uliniamuru nimwite Baba ndani ya kikao, ukasema ukirudi utauliza. Kikao kimekwisha, na hakuna aliyekuja kuniambia niache.

Ukipita njia ya Moshi usitupite. Tuma neno mapema, Mama Naisula apike ndizi za machalari za kutosha na tukuandalie pa kulala. Mgeni wetu halali njaa.

Bibi anakusalimu. Baba anakusalimu.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako,
Tabitha